"Mwalimu, kipara ni laana?" Jibu kwa kijana anayeitwa Elisha

Swali lililonifikia nalifupisha: "Shikamoo mwalimu. Nina miaka 33 na kipara kimeshafika utosini. Kwenye kikundi cha vijana kanisani wananiita Elisha, na kuna mmoja kanitumia Isaya 3:24 akasema upara ni laana, imeandikwa. Alafu mwezi uliopita tumemzika baba mdogo, wazee wakataka wanaume wa ukoo tunyoe vichwa, mchungaji akasema Kumbukumbu la Torati 14:1 inakataza, ikawa vurugu msibani. Naomba unieleze kwa Waebrania wenyewe upara ulikuwa na maana gani, na Wayahudi wa leo wanauonaje. Na samahani kwa kuuliza, wewe mwenyewe unacho?"

Marahaba mdogo wangu, na poleni sana na msiba. Hilo la mwisho nitakujibu mwishoni, acha kwanza nishughulike na huyo jamaa wa Isaya.

Shida inaanzia kwenye Kiswahili chetu. Sisi mtu nywele zikimtoka zenyewe tunasema ana kipara, na mtu akienda kwa kinyozi akapiga wembe tunasema kanyoa kipara, neno lilelile, kwahiyo ukisoma Biblia na ukakuta "upaa" mahali kumi unadhani ni kitu kimoja. Kiebrania nacho kina mzizi uleule kwa vyote viwili, K-R-H, lakini ukikaa ukazisoma zile aya moja moja unaona kabisa kuna upara wa aina mbili: ule uliokuja wenyewe, na ule uliotengenezwa na mkono wa mtu. Wa kwanza hauna maana yoyote ya ajabu. Wa pili ndo umebeba mzigo wote, msiba, utumwa, aibu, kushindwa vita. Wanaokutania wamechukua maneno ya upara wa pili wakakubandika wewe mwenye upara wa kwanza.

Ushahidi uko Mambo ya Walawi 13. Hii ni sura watu wanairuka maana imejaa vidonda na mabaka, ni kama daftari la kazi la kuhani anapokagua ngozi. Kuanzia aya ya 29 inaongelea ugonjwa wa kichwani au kidevuni unaofanya nywele zinyonyoke na zigeuke rangi ya manjano, Kiebrania wanaita neteki, Biblia yetu ya Kiswahili inaita kipwepwe, na mwenye nao ni najisi, anatengwa. Sasa fikiria wewe umeishi kwenye jamii hiyo, una miaka 33, nywele zinapukutika, majirani wanakuangalia vibaya, kesho unaitwa kwa kuhani ukaguliwe. Ndo hapo aya ya 40 na 41 zinaingia kukuokoa. Mtu akipukutika nywele za kichwa, kereah hu, tahor hu, ana upara, ni safi. Zikimtoka upande wa mbele, gibeah hu, tahor hu, ana upara wa kipaji, ni safi. Ukizisoma kwa sauti zinalingana kama kibwagizo, maneno manne manne, na ndani ya hayo manne mawili ni "safi yeye". Yaani kazi ya sheria hii ilikuwa kumlinda mwenye kipara asichanganywe na mgonjwa, nani angeandika hivyo kuhusu kitu anachokiona laana?

Na ona wana maneno mawili. Kereah ni wa utosini kwenda nyuma, gibeah ni wa mbele. Mishna, ambayo ni mkusanyiko wa sheria za marabi wa kama mwaka 200, inachora mpaka kabisa: kutoka utosini kuteremka nyuma mpaka kwenye mfupa wa shingo ni upara mmoja, kutoka utosini kuja mbele usoni ni mwingine. Kiswahili nacho kina neno uwaraza kwa ule wa mbele, sijui kwanini tumeliacha, zuri sana. Kwa maelezo yako wewe una vyote viwili, vimekutana.

Sura inaendelea kusema kukitokea kidonda cheupe chekundu hapo penye upara basi kuhani aangalie, inaweza kuwa ukoma. Lakini hapo tatizo ni kidonda. Upara umehesabiwa ngozi tu kama ngozi nyingine.

Sasa Isaya 3:24. Mwambie huyo rafiki yako arudi nyuma aanzie aya ya 16. Pale nabii anawasema mabinti wa Sayuni, wake wa wakubwa wa Yerusalemu, wanaotembea shingo juu, njuga zinalia miguuni, alafu anaorodhesha vitu vyao, vikuku, vipini, shela, vioo, orodha ndefu mpaka unacheka, halafu anasema vitabadilishwa: badala ya manukato uvundo, badala ya mshipi kamba, badala ya nywele zilizosukwa vizuri upaa, badala ya vazi la fahari gunia. Hizo kamba ni za nini? Ni za mateka. Mji umeshindwa, wanawake wamefungwa wanapelekwa mbali na vichwa vimenyolewa. Kumbukumbu la Torati 21:12 inaonyesha jambo hilohilo kwa upande mwingine, mwanamke aliyetekwa vitani ananyolewa kichwa na kukatwa kucha kabla ya kukaa mwezi mzima akiwalilia baba na mama yake. Kwahiyo upara wa Isaya 3 ni upara wa wembe wa adui. Kumtumia aya hiyo kijana wa kiume aliyerithi kipara kwa wajomba zake ni kama kumwambia mtu aliyevaa mkanda kwamba kafungwa kamba.

Isaya huyuhuyu sura ya 7 aya ya 20 anasema Bwana atanyoa kwa wembe uliokodishwa, yaani mfalme wa Ashuru, kichwa na malaika (vinyweleo) ya miguuni na ndevu pia. Wembe wa kukodi! Sisi tunasema timu imenyolewa bila maji, ndo hivyohivyo, nchi nzima inanyolewa kavu. Na walijua aibu ya kunyolewa na mtu mwingine ikoje, 2 Samweli 10 Hanuni mfalme wa Waamoni alipowachukua wajumbe wa Daudi akawanyoa ndevu nusu na kuwakata nguo mpaka makalioni, Daudi hakuwaambia waje hivyohivyo Yerusalemu, aliwaambia kaeni Yeriko mpaka ndevu ziote. Ile ilikuwa sababu ya vita.

Kuna upara mwingine wa mkono wa mtu ambao hauongelewi sana na mimi naupenda, Ezekieli 29:18. Nebukadreza aliuzingira mji wa Tiro miaka mingi, na nabii anasema jeshi lake lilitumika utumishi mzito mpaka kila kichwa kikapata upara na kila bega likachubuka, na mshahara hawakupata. Huo ni upara wa kubeba. Mawe, mbao, vikapu vya udongo vya kujenga ngome, mwaka baada ya mwaka juu ya kichwa kilekile. Ukienda soko lolote kubwa ukawaangalia wachukuzi wa magunia wa siku nyingi, utosini utaona Ezekieli alikuwa anaongelea nini. Hamna unabii wa siri hapo, ni mtu aliyeangalia vibarua kwa macho yake.

Haya, Elisha. Najua ndo kinachokuuma.

2 Wafalme 2:23, nabii anapanda kutoka Yeriko kwenda Betheli, vijana wanatoka mjini wanamfanyia mzaha, na wale waliotafsiri Biblia ya Muungano walibahatika hapa kuliko watafsiri wa lugha nyingine zote ninazozijua: "Paa wewe mwenye upaa!" Paa, upaa. Kiebrania ni ale kereah, maneno hayafanani kabisa kwa sauti, ni Kiswahili ndo kimeleta huo mchezo, na kwa bahati nzuri kimegusa penyewe, kwa sababu neno zito kwenye ile kejeli ni "paa". Turudi nyuma aya chache. Eliya amepaa kwa kisulisuli, habari zimeshasambaa, manabii wa Yeriko wanataka kutuma watu 50 wakamtafute milimani. Na Eliya alikuwa mtu wa namna gani? Sura ya 1 aya ya 8 wanamtambua kwa kuelezwa tu mavazi na mwili: baal sear, mwenye manyoya, mtu wa nywele, na mshipi wa ngozi. Sasa anakuja mrithi wake amebeba vazi lake, kichwa kinang'aa. Wale vijana wanamwambia, wewe si yule, yule alikuwa na nywele na alipaa, haya na wewe paa basi tukuone! Wanatania kipara, ndio, ila wanachokikataa ni kwamba huyu amekaa kwenye nafasi ya Eliya. Na wanatoka Betheli, mji ambao Yeroboamu aliuwekea ndama ya dhahabu, nabii wa Bwana hapo hakuwa na mashabiki wengi.

Kuna watu wanasema labda Elisha alikuwa amenyoa kwa sababu ya kumwombolezea Eliya. Mimi sikubali, maandiko yanasema alirarua nguo zake vipande viwili, nywele hazikutajwa, na mwandishi aliyekumbuka kutaja nguo angetaja na wembe. Nadhani kilikuwa kipara cha kawaida tu. Na hapa ndo kuna kitu kwa ajili yako: baada ya siku ile Elisha alifanya kazi kama miaka 50 hivi, kutoka enzi za Yehoramu mpaka Yoashi. Piga hesabu. Alikuwa kijana! Yule babu mwenye ndevu nyeupe na kichwa kitupu wa picha za shule ya Jumapili hayupo kwenye hii aya. Walichomtania ni kipara cha mapema, kama chako, na kipara cha mapema hakikumzuia kupokea sehemu mbili za roho ya Eliya.

Dubu wawili majike wakatoka mwituni wakararua vijana 42, na hii ndo sehemu inayowasumbua watu, hata marabi iliwasumbua. Talmud ya Babeli, yaani mkusanyiko mkubwa wa mijadala ya marabi juu ya Mishna, kwenye kitabu cha Sota, inakaa hapa muda mrefu. Rabi mmoja anauliza hao "vijana wadogo" walikuwa kina nani, anajibu kwa kuchezea maneno, kwamba walikuwa watupu wa amri za Mungu na wadogo wa imani, yaani wakubwa kabisa, siyo watoto. Alafu wanasema yale maneno ya kipara hayakuwa juu ya kichwa. Wafafanuzi wa Talmud wanaeleza kwamba wale walikuwa wauza maji! Elisha alikuwa ametoka kuponya chemchemi ya Yeriko kwa chumvi, maji mabaya yakawa mazuri, biashara yao ikafa, kwahiyo walikuwa wanamwambia ondoka hapa, umetufanyia mahali petu upara. Sidhani kama ndo maana ya asili, ila angalia jinsi walivyolisikia hilo neno: upara ni mahali palipobaki patupu, riziki iliyonyolewa. Palepale wanaongeza kwamba Elisha aliugua mara tatu, na ugonjwa mmoja ulikuwa adhabu kwa kuwachokoza wale dubu juu ya watoto. Kwahiyo hata wao wenyewe hawakumwachia nabii bure, ukitaka kuwatishia kikundi chako kwa dubu ujue marabi hawako upande wako.

Na hapohapo wanabishana Ravu na Shmueli, huyu anasema ni muujiza, huyu anasema muujiza ndani ya muujiza, maana hapakuwa na msitu wala hapakuwa na dubu, vyote viliumbwa muda uleule. Leo ukiwa Tel Aviv ukamwambia mtu stori ya uongo anakujibu lo dubim velo yaar, hamna dubu hamna msitu, yaani acha fiksi. Watu wanaitumia kila siku, kwenye siasa, kwenye mpira, wengi wao hawakumbuki kabisa kwamba imeanzia kwenye kichwa cha Elisha.

Sasa la msibani, na hili ni gumu zaidi kwahiyo nivumilie.

Kumbukumbu la Torati 14:1 inasema nyinyi ni wana wa Bwana, msijichanje wala msifanye upara kati ya macho yenu kwa ajili ya aliyekufa. Mambo ya Walawi 21:5 inawaambia makuhani vilevile, wasijifanyie upara vichwani. Marabi wakaunganisha aya mbili wakasema "kati ya macho" ni kichwa kizima, na kinachokatazwa ni kung'oa au kunyoa kwa ajili ya maiti. Mpaka hapo mchungaji wako yuko sawa. Lakini fungua manabii uone. Isaya 22:12, Bwana mwenyewe anawaita watu kulia na kuomboleza na kung'oa nywele na kuvaa magunia. Amosi 8:10, nitaleta upaa juu ya kila kichwa, kama maombolezo ya mtoto wa pekee. Yeremia 41:5 watu 80 wanatoka Shekemu na Shilo na Samaria wamenyoa ndevu, wamerarua nguo, wamejichanja, na wamebeba sadaka wanaelekea nyumba ya Bwana! Hawa hawakuwa wapagani. Kwahiyo sheria ilikuwepo na desturi ilikuwepo, kama ilivyo kwetu, mchungaji ana lake na wazee wana lao.

Wala haikuwa desturi ya Israeli peke yao. Moabu, ng'ambo ya Bahari ya Chumvi, kila kichwa upaa na kila ndevu imekatwa (Isaya 15). Gaza upaa umeifikia (Yeremia 47). Mabaharia wa Tiro wananyoa kwa kuulilia mji wao (Ezekieli 27). Eneo zima kuanzia pwani mpaka jangwani mtu akifa au mji ukianguka wembe unatoka. Wasomi wengi wanaona katazo lilitaka kuwatenga Israeli na majirani kwenye jambo moja: kumpa marehemu kitu cha mwili wako, damu au nywele, kama vile bado anakudai. Ndo maana aya imeanza na "nyinyi ni wana", yaani mnaye baba hai.

Alafu kuna Ayubu. Watoto wote kumi wamekufa siku moja, anasimama, anapasua joho, ananyoa kichwa, anasujudu. Aya mbili mbele inasema katika hayo yote Ayubu hakufanya dhambi. Siku zote nikifundisha darasa naanza na Kumbukumbu 14 naacha wakubali kabisa, alafu nawafungulia Ayubu 1:20, darasa linakuwa kimya.

Na Mika 1:16, aya nzuri kuliko zote za upara. Nabii anamwambia Yuda kama mama: jifanyie upaa, kata nywele kwa ajili ya watoto uliowafurahia, panua upaa wako kama tai, maana wamekwenda utumwani. Hapo msomaji anashangaa, tai gani ana kipara? Neno ni nesher, na ndege anayelingana na maelezo hayo ni tumbusi yule mkubwa wa majabali ya nchi ile, kichwa na shingo vina vinyoya vifupi vyeupe tu, kwa mbali ni kipara mpaka mabegani. Ndo maana anasema panua, usinyoe kidogo, nyoa mpaka shingoni. Mama kafiwa na watoto walio hai.

Nikushauri nini? Mimi ni mwalimu wa lugha siyo mchungaji wako, ila ningekuwa wewe ningewauliza wale wazee kwa heshima, baba zangu, tunanyoa ili iweje? Wakisema tusipomnyolea marehemu atatusumbua, basi mchungaji ana hoja na ni hoja ya sheria ile hasa. Wakisema tunanyoa ili watu waone tumefiwa, uko karibu zaidi na Ayubu. Kugombana kabla ya kuuliza ndo kumeleta vurugu. Ingawa kwako wewe ndugu yangu sijui wangenyoa nini.

Wayahudi wa leo wamegeuza kabisa. Mfiwa hanyoi. Siku 7 za kwanza amekaa chini nyumbani, mpaka siku 30 hagusi nywele wala ndevu, na aliyefiwa na baba au mama anaendelea kuziacha hata baada ya hapo mpaka rafiki zake wamkemee, hiyo imo kwenye Talmud, marafiki waseme wewe sasa umezidi, nenda kanyoe. Napenda sana kwamba sheria imewapa marafiki kazi hiyo. Kwahiyo alama ya msiba iliyokuwa kichwa kitupu siku hizi ni kichwa kichafu, na nadhani ile Kumbukumbu 14 ndo ilisukuma mambo mpaka huko.

Kwa upara wa kawaida wanatania kama sisi. Walianza zamani. Talmud kwenye kitabu cha Shabati kuna rabi Yehoshua ben Korha, jina lenyewe ni "mwana wa upara", anakutana na towashi anayemdhihaki, anamuuliza kutoka hapa mpaka mji wa Vipara ni mbali kiasi gani? Naye anajibu, ni kama kutoka hapa mpaka mji wa Matowashi. Yule anaongeza, beberu mwenye kipara anauzwa nne. Anajibiwa, aliyehasiwa anauzwa nane. Wanaendelea hivyo mpaka rabi anamaliza vibaya sana, siwezi kuandika yote. Kumbe kuchambana siyo mambo ya leo.

Na msemo mwingine ambao hata gazetini utaukuta, kereah mikan umikan, kipara huku na kipara huku. Rabi Yitzhak mhunzi alikuwa amekaa na wanafunzi wawili, mmoja anataka sheria mwingine anataka hadithi, kila akianza hiki yule anamkatiza. Akawaambia nyinyi mmenifanya kama mtu mwenye wake wawili, mmoja kijana mmoja mzee, yule kijana anamng'oa mvi ili aonekane kijana, yule mzee anamng'oa nyeusi ili aonekane mzee mwenzake, mwisho mume kabaki kipara pande zote. Leo mtu akikosa huku na kule, kazi hii kaacha na ile hakupata, wanasema huyo kipara mikan umikan. Sisi tungesema mshika mbili moja humponyoka, ila huyu zimemponyoka zote.

Usije ukaambiwa nimekuficha: upo upande mmoja ambapo kipara kilimgharimu mtu. Torati kwenye orodha ya kasoro za makuhani, Walawi 21, haikutaja upara. Lakini Mishna ikaongeza, kuhani mwenye kipara hafai kuhudumu hekaluni. Ila ikaeleza kipara kinachohesabika ni kipi: ni yule asiye hata na mstari wa nywele unaozunguka kutoka sikio hadi sikio. Akiwa nao, anafaa. Ukimkumbuka Ben-Gurion, waziri mkuu wa kwanza wa Israeli, yale manyoya meupe yaliyosimama pembeni na katikati uwanja wa ndege, huyo kwa kipimo cha Mishna angepita bila shida. Haikuwa usafi wa moyo wala laana, ilikuwa mwonekano tu, mtumishi wa hekalu asishangaze macho ya watu. Na majina walipeana bila hofu, Kora aliyeasi jangwani jina lake limetoka mzizi huohuo wa upara (marabi wakasema alifanya upara Israeli, ardhi ilivyowameza pakabaki pengo), na yule kapteni Yohanani kwenye Yeremia 40 ni mwana wa Karea, yaani mwana wa Bwana Kipara. Baba mtu alitembea na jina hilo mpaka likaingia kwenye maandiko.

Shida kubwa ya kipara kwa Myahudi anayeshika dini leo ni kofia. Ile kipa ndogo inashikwa na kibanio cha nywele, sasa nywele hamna, upepo ukija inaruka, kwahiyo wenye vipara wananunua utepe wenye gundi pande mbili wanabandika moja kwa moja kwenye ngozi. Hiyo haimo kwenye Walawi.

Hilo swali lako la mwisho: ndio ninacho, miaka sita sasa, gibeah wa mbele na kereah anamfuata taratibu. Mama watoto anasema bado mstari wa sikio hadi sikio upo, kwahiyo hekaluni ningepita, tatizo lililobaki ni kwamba mimi siyo wa ukoo wa Haruni.